Chai ya Saa Kumi

4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hata sijakuuliza hali, ngoja nikwambie alichofanya mjukuu wako sasa hivi. Nimekaa mlangoni na karatasi magotini, nikamwona Kijiko anatoka nyuma ya nyumba mbio, ameshika kile kijiko chake cha bati asichokiachia hata akilala. Kumbe amechota udongo pale ukuta wa jiko ulipobanduka. Akaumwaga wote mapajani mwangu, akasema, "Mama, kula." Tena hachezi, mama. Amesimama ananiangalia mdomoni, anasubiri nitafune. Nimecheka mpaka machozi. Sijui mchezo huu kautoa wapi.

Sasa habari yenyewe. Kijiko anapata mwenzake. Mkunga amenipima, ni miezi minne. Ningekwambia kwa simu, lakini simu na wewe ni ugomvi mtupu. Hizo mashine za kiwandani zimeyamaliza masikio yako. Mara ya mwisho mimi huku nalia, wewe unajibu, "Eeh, vizuri sana, wasalimie!" Ndiyo maana naandika, na Bwana Kesho atakuletea, maana lori lake liko hapa kwa baba Kijiko, bodi limepasuka tena. Ameniambia anaondoka kesho. Unajua kesho yake ilivyo ndefu.

Mkunga kanichoma kidole, akasema damu yangu ni nane. Akanifunua na jicho huku chini, akatikisa kichwa. Anataka ifike kumi na kitu. Kasema kilichopungua ni madini ya chuma. Nilipomwambia baba Kijiko, akaiweka chini ile mashine yake ya kuchomelea, akasema, "Nyumba nzima hii hatuna pa kukanyaga kwa vyuma, halafu anayepungukiwa chuma ni mke wangu?" Nikamwambia sitafuni mageti.

Nimepewa vidonge vya kuongeza damu, na nimeambiwa nile nyama, samaki, maharage na mboga za majani. Vidonge vinanuka kama msumari uliolowa. Lakini usijali, nakunywa kama ulivyonifundisha tangu mdogo, dawa chungu inashushwa na chai. Na chai ninayo, yako, ile ya mwisho uliyotuma. Kila kidonge na kikombe chake, kila sahani na kikombe chake, hadi Kijiko anapata chake cha plastiki.

Usianze kuwaza yale ya mara ya kwanza. Mimi siyawazi.

Mwanao,
Chipukizi

—

17 Februari

Mwanangu Chipukizi,

Marahaba, marahaba, marahaba! Barua nimeisomea mezani tunapochambulia majani, kwa sauti. Wenzangu wanasema naongea kwa sauti ya kufukuza ndege. Basi kiwanda kizima kinajua una mimba, mpaka mlinzi wa getini. Anakusalimu.

Kuhusu kutowaza, waza wewe mambo yako, mimi niachie ya kwangu. Nilikuwepo siku ile, nilishika kichwa chako. Niliona shuka zilivyobadilishwa. Mara hii nitakuwepo tena, na nataka nikukute una damu ya kutosha wewe na ya akiba.

Sasa nisikilize. Nakutumia pakiti mbili. Hii si chai ya dukani, nimeichambua kwa vidole vyangu mwenyewe, ni ile laini kabisa, ya chini ya chekecheo, yenye nguvu kuliko zote. Ichemshe mpaka iive, iwe nyekundu, nyekundu kabisa, ndipo unywe. Kitu chekundu kinaongeza damu, hilo halihitaji shule. Kunywa na chakula, kunywa na vidonge, na ini ule kila siku ukilipata.

Halafu jambo moja. Mtoto wa miaka miwili haanzishi mchezo, anaiga. Nani anakula udongo nyumbani kwako?

Mama yako

—

21 Machi

Mama,

Shikamoo. Chai imefika salama, pakiti zote mbili, ingawa moja ilikaliwa na Bwana Kesho njia nzima, imekuwa bapa kama chapati. Harufu yake ilipotoka nikakuona kabisa, na lile aproni lako la kijani.

Udongo ni mambo ya Kijiko tu, mama. Watoto huweka chochote mdomoni. Juzi kala sabuni.

Mimi nipo vizuri. Nimenenepa, hata majirani wanasema napendeza. Nilirudi kwa mkunga, karidhika kidogo. Mboga nakula. Nyama ikipatikana tunakula wote, ila Kijiko anapenda sana nyama, akiona ya sahanini mwangu anaielekezea kijiko, nami nani wa kumnyima? Yeye anakua.

Nafua sasa hivi, ndiyo maana barua ni fupi. Mikono imelowa.

Mwanao,
Chipukizi

—

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi si mtu wa barua, mimi ni mtu wa moto na vyuma, hivyo nitasema moja kwa moja kama ninavyokata bomba.

Mwanao hayuko vizuri. Barua yake nimeiona juu ya meza kabla hajaifunga, na kile alichoandika sicho nikionacho. Alhamisi alianguka bombani akiwa na ndoo. Ngazi tatu tu za mlangoni anazipanda akipumzika. Usiku miguu inamcheza kitandani kama anayekimbia. Mkunga alimpima tena, na ile nane imeshuka, ni saba na nusu. Alimgombeza mbele ya watu, kwamba vidonge anavitupa. Mama, havitupi. Namwona kwa macho yangu akivimeza, kila siku, na chai yako.

Mkunga kasema damu isipofika kumi, hapa kituoni hawatamzalisha, kwa sababu ya ile damu aliyopoteza kwa Kijiko. Atapelekwa hospitali kubwa, huko upande wa pili, safari ya siku nzima, na wewe ukija utatukosa.

Udongo ni yeye. Anabandua ukuta wa jiko. Nimeuziba na bati, kahamia upande wa dirisha. Simgombezi. Anaona aibu.

Usimwambie kwamba nimekuandikia. Atasema namchongea kwa mama yake, na kweli nimemchongea.

Mkweo,
Fundi

—

2 Aprili

Mwanangu Chipukizi,

Nimekuota. Sijaambiwa na mtu yeyote, mtu yeyote kabisa, nimeota tu. Nimekuota umeanguka bombani, siku ya Alhamisi, una ndoo. Ndoto zangu unazijua, hazina mchezo.

Basi nimejua tatizo. Chai imekuwa kidogo. Pakiti mbili kwa mwezi na wewe una watu wawili ndani ya mwili mmoja, na Kijiko anakunywa, na Fundi anakunywa, na kila mwenye geti bovu anakaribishwa kikombe! Sasa natuma mfuko mzima. Nimeomba kwa msimamizi, kaniangalia, kasema, "Mama, unafungua hoteli?" Nikamwambia mwanangu hana damu. Akanifungia mwenyewe na kamba.

Kikombe asubuhi, kikombe mchana na chakula, kikombe jioni na kidonge. Kikolezwe mpaka kijiko kisimame. Usiruke hata kimoja. Siwezi kuja sasa, majani yanaingia kwa magari na mikono ni michache, lakini kila kikombe ujue ni mimi nimekaa hapo karibu yako.

Na ule ukuta uache, mama. Nyumba itawaangukia.

Mama yako

—

16 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mfuko umefika. Ni mkubwa kweli. Ahsante sana, mama.

Tumeuweka juu ya kabati, mahali pakavu. Tunaendelea vizuri. Mvua hapa zimeanza, paa la karakana linavuja upande mmoja. Kijiko amejifunza kusema "sitaki", na anaisema hata kwa anachokitaka.

Naomba usitume tena kwa sasa, maana nafasi hakuna.

Chipukizi

—

28 Aprili

Chipukizi,

Bwana Kesho amefika hapa, nikamuuliza, "Mwanangu kakupokeaje?" Kasema, "Vizuri, kanipa maji." Maji! Mtu katoka na lori kwangu, kabeba mfuko wa chai mpaka mgongo umepinda, anapewa maji? Nikamuuliza, chai je? Kasema hakuona birika jikoni, na mfuko uko juu ya kabati, kamba haijafunguliwa. Ile kamba ya msimamizi.

Sina ugomvi. Nauliza tu. Hiyo chai imefanya nini? Inanuka? Kuna mtu kakwambia chai ya kiwandani ni makombo? Mimi sina kingine cha kukupa, mwanangu. Wenzangu wana mashamba, wana mifugo, wanawatumia watoto wao nyama na maziwa. Mimi nina vidole hivi na majani haya. Miaka yote, ukiumwa, ukifaulu, ukiolewa, nilikupa chai. Kama hutaki tena, niambie mwenyewe, nisiambiwe na dereva.

Mama yako

—

5 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Baba Kijiko kauliza nani kafariki. Nimemwambia hakuna, ila nimemuumiza mama.

Naanza na ukweli ninaoujua na wewe unaujua. Nilianguka bombani. Kukuandikia napendeza ulikuwa uongo. Mkunga hakuridhika, alinifokea. Na udongo nakula mimi. Nakula kwa kujificha, mama, mtu mzima na mtoto wangu. Mvua ikinyesha na ule ukuta ukanukia, mate yananitoka kama mtu aliyepita kwenye nyama choma. Kijiko alikuwa ananiona muda wote. Siku ile alipokuja na kijiko chake alikuwa ananihurumia tu, ananiletea ninachokipenda.

Sasa ukweli ambao huujui.

Baada ya kufokewa sikutaka kurudi tena kwa mkunga. Baba Kijiko ndiye aliyenipeleka, kanishika mkono kama mtoto anayepelekwa shule. Akamwambia mkunga, "Dada, huyu vidonge anameza, mimi ni shahidi, naapa kwa jicho langu moja zima." Unajua jicho lake lile la cheche. Mkunga akavuta kiti akakaa, akasema, "Haya mama Kijiko, nieleze. Si unameza nini, bali unamezaje?"

Nikamwambia asubuhi na jioni, na chai. Akauliza chai gani. Nikasema, "Ya mama yangu. Nzito, nyekundu." Na chakula? Na chai. Mtoto? Na yeye na chai. Akashika kichwa.

Hakucheka, mama, nashukuru. Aliniomba radhi kwanza, kwa kunisema mbele za watu. Halafu akanieleza pole pole, tena kwa vikombe vya dawa vilivyokuwa pale mezani. Chuma kikiingia tumboni kinatafuta mlango wa kuingilia kwenye damu. Chai ikiwepo wakati ule ule, inakikamata mkono, wanakwenda kutokea nyuma pamoja. Kidonge kimepita tu. Maharage yamepita tu, mboga zimepita tu. Na kadiri chai ilivyo nzito, ndivyo inavyoshika zaidi. Mimi nilikuwa nakoleza mpaka kijiko kisimame.

Tena si chai tu, kahawa nayo ni hivyo hivyo. Kinachofungua mlango ni vitu vyenye uchachu, chungwa, ndimu, nyanya mbichi. Kidonge nimeze na maji na kipande cha chungwa. Maharage nikamulie ndimu. Ini kasema nisile kila siku wakati nina mimba, si zuri kwa mtoto likizidi, nyama ya kawaida na samaki vinatosha. Na kitu chekundu hakiongezi damu kwa sababu ni chekundu, mama. Hilo nililisikia nikainama, maana niliona nimekusaliti kulisikia tu.

Akamfunua Kijiko jicho. Na yeye ni mweupe humo ndani. Mama, hapo ndipo nililia. Kile kikombe cha plastiki nilikuwa namjazia mwenyewe, nikimwambia, "Kunywa ya bibi."

Sasa ningekuandikiaje? Kila nikishika kalamu nakuona umeinama pale mezani, unachagua jani moja moja kwa ajili yangu. Ningekwambia vipi kwamba kile ulichonipa ili nipone ndicho kilichokuwa kinanizuia? Nikaona bora uniite mchoyo wa nafasi. Mfuko nikauweka juu, sikuufungua. Birika nikalificha chini ya kitanda, maana nikiliona tu mkono unalifuata. Usiku nikiwa na hamu, napanda kwenye kigoda nanusa mfuko kwa nje, nashuka.

Si kwamba siitaki, mama. Sijawahi kukitaka kitu hivi.

Nisamehe. Mwezi ujao napimwa tena.

Chipukizi wako

—

13 Mei

Mwanangu, mama yangu, Chipukizi,

Umeninyima usingizi halafu umenichekesha, sijui nianze wapi. Unapanda kigoda kunusa mfuko! Mtu ana mimba ya miezi saba anapanda kigoda! Mwambie Fundi ateremshe huo mfuko leo hii, auweke chini kabisa, ukitaka kunusa unuse umekaa.

Nikwambie kweli, mara ya kwanza nilipoisoma niliumia. Niliyaangalia majani yale nikaona yamenigeuka. Nikasema huyo mkunga ana nini na mimi. Nikaikunja barua nikaiweka kwenye aproni, nikafanya kazi bila kusema na mtu, wenzangu wakadhani ninaumwa, maana nikinyamaza mimi mashine ndizo zinasikika.

Saa ya chakula tukakaa pale kwenye mifuko kama kawaida. Kila mtu na bakuli lake la maharage, kila mtu na kikombe chake. Chai ya kiwandani hatukatazwi, tunakunywa kama maji. Nikaangalia mduara wote. Yule mnene wa mashine ya pili, anayesinzia akipanga maboksi. Yule msichana wa mizani, kucha zake zimebonyea kama vijiko. Na mimi. Kuna kitu sikukwambia na mimi, usidhani ni wewe tu unayejua kuficha. Tangu mwaka jana nikisimama ghafla naona giza. Nimeshakalishwa kwenye mifuko si mara moja. Nilisema ni uzee.

Nikaitoa barua nikaisoma, yote, kwa sauti yangu ile. Kwenye udongo nilipunguza sauti, lakini unajua yangu haipungui. Msamehe mama yako. Nilipomaliza, msichana wa mizani akasema, "Na mimi nakula. Chaki." Hakuna aliyecheka. Tukaanza kufunuana macho pale pale, wanawake wazima, kama watu wanaotafutana vumbi. Mnene akanifunua langu, akasema, "Shoga, humu ndani karatasi tupu." Ijumaa tukaenda zahanati kwa zamu. Na mimi nina vidonge sasa, vinanuka kama ulivyosema, msumari uliolowa.

Basi tumefanya hivi. Saa ya chakula hakuna birika. Ni maji na ndimu, na kila mtu anamkodolea macho mwenzake. Chai tumeihamisha. Tunakunywa saa kumi, tumbo limeshamaliza kazi yake. Msimamizi kauliza, "Mmegoma?" Tukamwambia hapana, tumegundua saa.

Nawe nakuomba hivyo hivyo. Muulize mkunga kwanza. Akikubali, fungua ile kamba. Kikombe kimoja, saa kumi, chepesi, mbali na chakula na mbali na kidonge. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye mifuko, nimeshika changu. Ukiinua, ujue na mimi nimeinua. Kijiko usimpe, mpe chungwa, mwambie ndilo la bibi sasa.

Na usirudie kunificha kitu kwa kuniogopea. Mimi nilidhani sina kingine cha kukupa zaidi ya chai, kumbe ninacho. Nina kikapu cha ndimu kutoka kwa mama wa mlinzi, Bwana Kesho anacho hapo, na maharage mekundu, na samaki wakavu niliowafunga mara tatu wasimnukie. Wewe ukipewa nyama, ile ya kwako, uitie mdomoni mwako. Kijiko akiielekezea kijiko, mwelekeze kwa baba yake.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Msimamizi bado anakuna kichwa. Kama ikibidi hospitali kubwa, nitakuja huko huko, hata kama sijui njia. Nitauliza kwa sauti.

Mama yako

(Ile ndoto ya bombani ilikuwa ya Fundi. Usimgombeze. Mwandiko wake mbaya lakini moyo wake mzuri.)

—

20 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Ungemwona Kijiko hapa sasa hivi! Nimepanga vikombe viwili juu ya kigoda, changu na cha baba yake, maana ndiyo saa kumi inakaribia. Akaenda ndani, akarudi na cha tatu, kile cha bluu chenye mpini uliovunjika ulichokuwa unanywea ulipokuja nilipojifungua. Akakiweka katikati, akatia kijiko chake, kile asichompa mtu, anakoroga hewa. Nikamuuliza, "Hicho cha nani?" Akaniona mjinga. "Cha Bibi. Iko moto."

Mama, nimepimwa leo asubuhi. Nimekaa pale kwenye benchi nimemshika baba Kijiko mkono mpaka akasema, "Punguza, hii ndiyo inayotulisha." Mkunga kanichoma kidole, akaangalia, akaandika, akaangalia tena. Halafu akasema, "Mama Kijiko, kumi na nusu."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Baba Kijiko akamwambia arudie tena, yeye hakuwa na tatizo la kusikia, alitaka tu. Akasema nitazaa hapa hapa, kitanda cha dirishani, na dawa ya kuzuia damu itakuwa imeshaandaliwa mapema kwa sababu ya mara ya kwanza, na vidonge niendelee navyo hata nikishajifungua. Kasema kituoni ameanza kuuliza kila mama, si unameza nini, bali unamezaje. Wewe ndiye uliyesababisha, wewe na mfuko wako.

Ngazi za mlangoni nazipanda zote tatu bila kusimama. Ukuta sijaugusa tangu mwezi uliopita. Juzi mvua ilinyesha, ukanukia, nikasubiri ile hamu inijie. Haikuja. Ulinukia kama ukuta tu. Nikamwita baba Kijiko aje anuse, akadhani nimeanza tena, akaja na bati.

Kijiko naye anapimwa wiki ijayo. Ndimu anailamba bila kukunja uso, hata mkunga kashangaa. Nyama yangu nakula mwenyewe, mama, nageukia ukutani nikila, maana akinitazama na yale macho nashindwa.

Kilichobaki ni wewe tu. Bwana Kesho alipita juzi, nikamuuliza kama msimamizi amekubali kukupa ruhusa. Akajichekesha, akasema, "Kesho, kesho," akawasha lori. Sikumwelewa. Mkunga anasema naweza kuanza uchungu wakati wowote kuanzia wiki ijayo. Siogopi sana. Nilikuwa naogopa, sasa hivi ni kidogo. Ila ningependa nikigeuza kichwa pale kitandani nikuone, na hilo aproni, hata kama utawafokea manesi.

Saa imefika. Birika limechemka, nimetia majani kidogo tu kama mkunga alivyokubali, chai ni nyepesi mpaka naona chini ya kikombe. Baba Kijiko ananawa mikono. Ninainua, mama. Najua na wewe huko

Ngoja. Lori limesimama nje, na kuna mtu anabisha geti kama anataka kuling'oa, na anaita kwa sauti ya kufukuza ndege. Kijiko ameacha kijiko chake, amekiacha kabisa kwenye kikombe, anakimbilia mlangoni. Na jina linaloitwa, mama, hilo jina duniani kote ananiita mtu mmoja tu, na huyo mtu yuko kwenye mifuko ya chai, hawezi kuwa hapa, isipokuwa kama Bwana Kesho ame